Tyubu ya pumu ya ngozi imeisha na haipatikani: ufanye nini hadi upate nyingine

Kosa ni lile lile kila mara. Tyubu ya mtoto mwenye pumu ya ngozi (ekzema) inaisha, dirisha la dawa wanasema "haipo, kanunue nje", famasi ya kwanza haina, ya pili haina, ya tatu unapewa krimu "nzuri zaidi ya hiyo". Siku nne mtoto ametakata. Ukiacha, ngozi inalipuka kuliko mwanzo, na nyumbani wanaanza kusema mtoto amerogwa.

Wengine hukosea upande wa pili: dawa ikiisha wanaacha hata kupaka mafuta, wakisubiri tyubu mpya. Hao ndio huteseka zaidi, kwa sababu mafuta hayakuwa nyongeza. Tyubu huzima moto, mafuta huzuia usiwake.

Mwongozo huu ni wa siku au wiki ambazo dawa uliyoandikiwa haipo. Hauchukui nafasi ya daktari. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asibadilishiwe dawa bila kuonwa.

## Kwanza: mtoto wa kupelekwa hospitali leo hii

Usiendelee kusoma kama una moja ya haya:

- Vilengelenge vidogo vinavyofanana, vilivyopasuka na kuacha vishimo vya duara, vinavyouma kuliko kuwasha, hasa akiwa na homa. Hicho ni kirusi cha herpesi juu ya pumu ya ngozi. Kikiwa karibu na jicho, hata usiku ni wakati wa kwenda.
- Usaha, majimaji, ukoko wa rangi ya asali, ngozi ya moto iliyovimba.
- Mtoto aliyepakwa krimu kali sehemu kubwa ya mwili kwa wiki nyingi, sasa dawa imekatika naye amelegea, anatapika, hataki kula. Dawa hizo hupenya ngozi na kufanya mwili upunguze kutengeneza homoni yake yenyewe. Ikikatika ghafla, mwili unabaki mtupu.

Usimpake steroidi yoyote (dawa za tyubu za kuzima uvimbe na mwasho, kama hydrocortisone) juu ya vilengelenge vya aina hiyo. Itavisambaza.

## Vitu vya kuandaa

- Tyubu tupu au boksi lake, na cheti cha daktari kama unacho
- Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, angalau gramu 250
- Kijiko cha chuma na kikopo kidogo chenye mfuniko
- Beseni na kopo la kumwagia maji
- Kanga kuukuu mbili zilizolainika kwa kufuliwa
- Fulana mbili za pamba za mikono mirefu, zinazombana kidogo
- Kikata kucha
- Simu yenye kamera, kalamu na daftari

Angalia neno moja kwenye kopo la mafuta: manukato (fragrance au parfum). Mengi ya "mafuta ya mtoto" yana manukato, na hayo hayo ndiyo huwasha ngozi iliyochanika. Fungua kopo unuse. Likinukia kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa, liache dukani.

## Hatua ya 1: Soma tyubu tupu

Usitupe tyubu. Piga picha pande zote, hasa maandishi madogo chini ya jina kubwa. Jina kubwa ni la kampuni. Unachotafuta ni jina la dawa yenyewe pamoja na asilimia yake. Majina ya dawa tumeyaacha hapa kama yanavyochapwa, ili uyalinganishe herufi kwa herufi.

Hizi ni steroidi, kwa ngazi ya nguvu:

Dhaifu: hydrocortisone 1%

Wastani: clobetasone butyrate 0.05%

Kali: betamethasone valerate 0.1%, mometasone furoate 0.1%, hydrocortisone butyrate 0.1%

Kali mno: clobetasol propionate 0.05%

Hapa ndipo wengi huanguka. Asilimia haikuambii nguvu. Clobetasol ya 0.05% inaishinda hydrocortisone ya 1% mara mia kadhaa, ingawa namba yake ni ndogo. Tena tazama *clobetasone* na *clobetasol*: asilimia ile ile, herufi za mwisho tu ndizo tofauti, lakini moja ni ya wastani na nyingine ni kali mno. Na hydrocortisone ikifuatwa na neno *butyrate* si ile dhaifu tena.

Kama tyubu imeandikwa tacrolimus 0.03%, hiyo si steroidi. Huandikiwa watoto wa miaka 2 na kuendelea, mara nyingi kwa uso na kope. Ikikosekana, muulize daktari kabla ya kuweka kitu kingine karibu na macho.

Umefanikiwa ukiwa na jina la dawa, asilimia, na ngazi yake vimeandikwa kwenye daftari, pamoja na sehemu za mwili alizoelekezwa kupakwa.

## Hatua ya 2: Hakikisha unachokiona ni pumu ya ngozi

Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwa mtoto mweusi wekundu hauonekani hivyo: ngozi inakuwa ya kahawia iliyoiva, ya zambarau au ya kijivu, kavu, yenye vipele vidogo vya kukwaruza kama msasa. Pumu ya ngozi ya muda mrefu huinenepesha ngozi na kuichora mistari, hasa mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na vifundo. Tumia vidole kuliko macho.

Shuku kitu kingine ikiwa:

- Nyumba nzima wanajikuna usiku, na kuna vipele katikati ya vidole na viganjani. Huo ni upele wa kuambukizana (scabies). Unatibiwa familia yote siku moja, na steroidi itauficha tu.
- Kuna duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pametulia. Hizo ni fangasi, na steroidi ni chakula chao.
- Vipele vya kuwasha vimetokea saa chache baada ya mtoto kuchezea maji ya ziwa. Ngozi inaweza kuwasha pale vijidudu vya kichocho vinapoingia. Fukwe za Mwanza na visiwani kichocho kipo kwa wingi, kwa hiyo mtoto huyu asiogeshwe ziwani hata maji yakionekana masafi. Mpeleke akapimwe.

## Hatua ya 3: Ongeza mafuta, usipunguze

Dawa ikikosekana, mafuta yanapanda kutoka mara mbili hadi mara tatu au nne kwa siku. Hii hatua ndiyo inayobeba wiki nzima, nayo ndiyo wengi huiruka kwa sababu inaonekana ya kawaida mno.

Kiasi. Mtoto mwenye ukavu mwili mzima anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki moja. Kopo la namna hiyo likikaa miezi miwili, hujapaka, umegusisha. Ngozi ibaki inang'aa kwa dakika kadhaa baada ya kupaka.

Namna. Chota kwa kijiko, weka kwenye kikopo, kisha paka kutoka kwenye kikopo. Vidole vikiingia kwenye kopo kubwa vinapeleka bakteria wa ngozi, nawe unampaka bakteria hao hao kila siku. Telezesha mkono kuelekea chini, jinsi vinyweleo vinavyolala. Ukisugua kwa kuzungusha unaziba matundu ya vinyweleo na kuzua vijipu.

Kama mafuta ya mgando hayapo. Mafuta ya alizeti ya kupikia yaliyosafishwa yanafaa kushikilia, na ya nazi safi pia. Mafuta ya mzeituni, licha ya sifa zake, hudhoofisha ngozi ya namna hii. Mafuta ya sangara yabaki jikoni. Mwarobaini, mshubiri mbichi, ndimu, magadi na majivu vyote vinaweza kuwasha au kuunguza ngozi iliyo wazi.

Onyo la moto. Nguo na kanga zilizolowa mafuta ya mgando zikishika moto huwaka upesi sana, na kufua hakuyaondoi yote. Mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa, kibatari wala mshumaa. Mpake, kisha ndipo uende jikoni, yeye abaki sebuleni.

Umefanikiwa ukiona baada ya siku 3 hadi 5 ngozi haikwaruzi tena asubuhi, hata kama mabaka bado yapo. Kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi na upepo mkavu vikianza Mwanza, tegemea kuchelewa kidogo.

## Hatua ya 4: Badilisha kuoga

Mara moja kwa siku, dakika 5 hadi 10, maji vuguvugu. Tumbukiza kiwiko chako: kisisikie moto wala baridi. Maji ya moto hufurahisha mwasho kwa dakika mbili, kisha huurudisha maradufu.

Sabuni ya mche na sabuni za kuua vijidudu ziache. Zinavua mafuta ambayo ngozi hii tayari haina. Maji matupu yanatosha mwilini. Sabuni laini isiyo na harufu iende kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Dodoki na jiwe viwekwe mbali na mtoto huyu. Bibi yake atalalamika kwamba hatakati, mvumilie.

Kausha kwa kugandamiza kanga, usifute. Kisha mafuta yaingie ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukichelewa hadi akauke kabisa, maji yanapotoka yanachukua na unyevu wa ndani, na kuoga kunakuwa kumekausha badala ya kulainisha.

Nguo zake suuza mara mbili. Sabuni ya unga iliyobaki kwenye kola na kwenye lastiki ya kaptula inaweza kuwa sababu ya mabaka ya shingo na kiuno ambayo hulaumiwa chakula. Na kwa habari ya chakula: usimkatie dagaa, mayai au maziwa kwa kubahatisha. Kama hakuna chakula kinachomletea uvimbe wa midomo, vipele vya ghafla au kutapika ndani ya muda mfupi, kumkatia protini kunaweza kumletea utapiamlo na pumu ya ngozi itabaki pale pale.

## Hatua ya 5: Tafuta dawa kwa jina lake

Anza na kituo kilichokuandikia. Watoto wa chini ya miaka 5 wamesamehewa malipo kwenye vituo vya umma, lakini msamaha haujazi rafu. Wakisema dawa haipo, usiondoke na neno "haipo" tu. Muulize mtoa dawa mambo matatu: ipo nyingine ya ngazi hii hii? Inatarajiwa lini? Naomba cheti chenye jina la dawa, si la kampuni, ili nitafute nje.

Pitia kwa mfuatano huu: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Sekou Toure (hospitali ya mkoa wa Mwanza), kisha kliniki ya ngozi ya Bugando (hospitali ya kanda) ukiwa na rufaa. Famasi zilizo karibu na hospitali kubwa huwa na aina nyingi kuliko za mitaani. Duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuuza kila dawa, kwa hiyo usimlazimishe muuzaji wa Igoma au Kisesa akupe "chochote cha ngozi". Ndipo unapopewa krimu ya mchanganyiko wa dawa tatu, ambayo ni mtego wa kwanza hapa chini.

Unayetoka Ukerewe au visiwa vidogo, usipande meli kabla ya kutuma picha ya tyubu kwa famasi mbili za mjini na kupata jibu kwamba ipo. Nauli ya kwenda na kurudi ni afadhali inunue mafuta.

Dirishani sema hivi: "Dada, naomba hydrocortisone asilimia 1, ya mafuta kama ipo, yenyewe tupu, isiyo na mchanganyiko. Ni ya mtoto wa miaka mitatu." Sema "ya mafuta" kwa ngozi kavu iliyonenepa, "krimu" kwa ngozi yenye unyevu. Umri utaje kila mara.

Kuhusu kubadilisha, kanuni ni hii:

- Ngazi ile ile, jina tofauti: inawezekana, mfamasia au daktari akikubali. Aliyeandikiwa mometasone anaweza kupewa betamethasone valerate 0.1%.
- Kushuka ngazi moja wakati unasubiri: salama. Itafanya kazi polepole, hasa kwenye ngozi nene.
- Kupanda ngazi: hapana, hata muuzaji akikuhakikishia.

### Mitego minne ya dukani

Krimu ya dawa tatu. Ndani yake kuna steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Inatakatisha upesi kwa sababu ya steroidi, ndiyo maana inasifiwa. Ikitumika wiki nyingi inapunguza unene wa ngozi, inaleta michirizi, na fangasi iliyojificha inakuja na sura isiyotambulika.

Krimu za kung'arisha. Nyingine zina clobetasol ndani, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Kuweka steroidi, hydroquinone au zebaki kwenye vipodozi kumepigwa marufuku Tanzania, lakini makopo yapo sokoni. Uso wa mtoto ukizoea hiyo, siku ukiacha unawaka na kuchoma kwa wiki kadhaa.

Kuchanganya nyumbani. Kukoroga betamethasone na mafuta ya mgando "ili ipungue nguvu" hakupunguzi nguvu kwa kipimo unachodhani. Unapata kopo kubwa la dawa kali isiyojulikana, nawe unalipaka mwili mzima kama mafuta.

Sindano na vidonge vya steroidi. Dexamethasone au prednisolone ya haraka haraka hulaza mwasho, kisha ugonjwa hurudi kwa kishindo. Piriton nayo humlaza mtoto, haimtibu ngozi.

## Hatua ya 6: Paka dawa mpya kwa kipimo

Malalamiko ya "dawa haifanyi kazi" mara nyingi ni malalamiko ya dawa kidogo. Kipimo ni ncha ya kidole: kamulia dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka kwenye kikunjo cha mwisho hadi nchani. Kwa tyubu yenye mdomo wa milimita 5, hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole.

Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, kama sehemu yote imeshikwa: uso na shingo ncha 1.5, mkono mmoja 1.5, mguu mmoja 2, kifua na tumbo 2, mgongo na makalio 3. Jumla ni ncha 13.5, karibu gramu 7. Tyubu ya gramu 15 inaisha kwa kupaka mara mbili. Ukiona mtoto aliyeshikwa mwili mzima amepewa tyubu moja ya kutumia mwezi, ujue tatizo limeanzia kwenye cheti.

Lakini kama ni mikunjo minne tu ya viwiko na magoti, kila mmoja sawa na kiganja kimoja, ni ncha 2 kwa siku, yaani gramu 1. Tyubu hiyo hiyo inakaa siku 15.

Paka palipoharibika tu, mara ambazo cheti kinasema. Kisiposema, mara moja kwa siku. Kati ya dawa na mafuta acha dakika 20 hadi 30, lolote litangulie, ili mafuta yasiisambaze dawa kwenye ngozi nzima. Usoni ni hydrocortisone 1% pekee, siku 3 hadi 5. Mwilini endelea hadi ngozi ilainike, kisha ongeza siku 2. Wiki 2 zikipita bila nafuu, acha kubahatisha, rudi kliniki.

Umefanikiwa ukiona mtoto analala usiku na ngozi ni laini chini ya kidole. Rangi si kipimo. Mabaka meupe au meusi yanayobaki ni alama ya uvimbe uliopita, hufifia kwa miezi. Wazazi wengi huona weupe huo wakaacha dawa siku ya tatu wakidhani inachubua, na moto unarudi.

## Hatua ya 7: Usiku wa mwasho mkali

Kata kucha kila baada ya siku 3 au 4. Kisha, ikiwa ngozi haina majimaji wala usaha na mtoto amepita miezi 6, mvalishe nguo mbichi:

1. Mpake mafuta mengi.
2. Lowesha fulana ya kwanza kwa maji vuguvugu, ikamue isidondoke, mvalishe.
3. Mvalishe fulana kavu juu yake.
4. Ivue ya ndani inapokauka, mpake mafuta tena.

Usiweke steroidi chini ya nguo mbichi isipokuwa daktari ameagiza, kwa sababu unyevu huisukuma dawa ndani mara nyingi zaidi. Akitetemeka kwa baridi, vua mara moja. Usiku mmoja hadi mitatu unatosha.

## Hatua ya 8: Agiza kabla haijaisha

Andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyofungua tyubu, kwenye mkia wake. Kunja mkia kadiri inavyoisha. Ikibaki robo, anza kutafuta; wa visiwani waanze ikibaki nusu. Iweke mbali na joto la bati. Iliyojitenga maji na mafuta, itupe.

Ukirudi kliniki, beba tyubu zote zilizompitia mtoto, hata ile uliyonunua kwa machinga na ile ya jirani. Zipange mezani kwa daktari kwa mfuatano ulizozitumia, na useme kila moja ilitumika siku ngapi na sehemu gani. Omba aandike tyubu za kutosha kwa hesabu ya ncha za kidole, na dawa mbadala ya ngazi ile ile kwenye cheti hicho hicho, ili siku dirisha likisema "haipo" uwe na jina la pili mkononi.